Sponji ya Kamongo

Gerezani,
16 Machi 2025

Nyamera Lornah,

Barua yako imefika, na afande aliyeisoma kabla yangu ameniuliza kama huyu nyamera, dada yangu, ana akili timamu. Nikamwambia hata mimi sina hakika. Eti mnaunda roboti, na kazi yake ni kupigana na roboti nyingine ndani ya kizimba mpaka moja izime? Na chuo kinawapa alama kwa hilo? Mimi nilipopigana shuleni nilipewa viboko.

Natania tu. Nimefurahi mpaka nimewasomea wenzangu barua yote. Nekoye, tunayelala naye seli moja, anataka kujua kama hiyo Kamongo yenu inatema maji. Nimemweleza mmeipa jina la yule samaki wa matope kwa sababu hafi haraka, ziwa likikauka anajizika na kungoja.

Sasa swali lako. Unauliza ufanye nini ili betri na ile bodi ya umeme zisivunjike roboti ikigongwa. Jibu la fundi ni moja: kaza. Weka boxi la chuma nene, kila kitu cha ndani kifunge kwa bolti, kaza mpaka spana ilie. Pikipiki ngapi zilipita mikononi mwangu pale soko la Kibuye kabla sijafungwa kwa ile injini ya wizi niliyonunua bila kuuliza maswali? Kilichoharibika siku zote ni kilicholegea.

Mkono wangu umepona. Tabia yangu siku hizi inawashangaza hata maafande. Nikiendelea hivi natoka Oktoba.

Mama hajambo? Mwambie atoe ile nailoni kwenye godoro. Nililinunua kwa mshahara wangu wa kwanza ili alale vizuri, naye analilinda kama la dukani. Msalimie sana, sana.

Kaka yako,
Byron


Kisumu,
23 Aprili 2025

Owadwa Byron,

Fundi, kaka yangu, umetuua. Tulikaza kama ulivyosema. Ignatius, yule mwenzangu wa darasa, alikaza mpaka kiganja kikaota malengelenge. Halafu tukaiangusha Kamongo kutoka juu ya meza, kujaribu tu. Boxi halikupata hata mkwaruzo. Tukashangilia kama wajinga. Tulipowasha, kimya. Tukafungua: bodi imepasuka katikati, na betri imeng'oa bolti zake na kuigonga bodi kwa nyuma. Mwalimu alitazama akasema tumejenga jeneza zuri sana.

Kwa hiyo fikiria tena. Mashindano ni mwanzoni mwa Agosti, uwanja wa maonyesho wa Mamboleo, na timu ya Eldoret ina roboti yenye kisahani cha chuma kinachozunguka. Ikikugusa unaruka.

Pasaka nilikuwa nyumbani Asembo. Mama mzima, anauza samaki wake wa kukaushwa, anagombana na wanunuzi kama kawaida. Nililala naye kwenye godoro lako na sikupata usingizi, nailoni inalia kwaru kwaru kila akigeuka. Nikampa ujumbe wako. Unajua alisema nini? "Nailoni haitoki. Itatoka siku Byron ataingia kwa hii nyumba, na ataitoa yeye mwenyewe kwa mikono yake. Mtu mwingine akiigusa, tutaonana." Nilijaribu kuivuta kidogo kwenye kona nikapigwa kofi la mkononi. Mimi, mtu mzima.

Anasema pia ukija atakupikia samaki mbuta mzima, kichwa ni chako.

Dada yako,
Lornah


Asembo,
18 Mei 2025

Nyathina, mwanangu Lornah,

Nimekupigia simu kila siku tangu urudi Kisumu na hupokei. Sikulaumu. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimempa dereva wa gari la samaki pamoja na huu mzigo.

Mzigo ni godoro la mama yako. Wanawake wa boma wamegawana nguo zake kama ilivyo desturi, ukaachiwa godoro kwa kuwa binti ni wewe peke yako. Hatuwezi kuliuza na hatuwezi kuliacha likae kwenye nyumba iliyofungwa. Lipokee, mwanangu.

Bado siamini kwamba tumemzika. Presha ilimwangusha pale ufukweni asubuhi, saa sita hatunaye tena. Watu wanasema hakuteseka. Sijui wanajuaje.

Sasa jambo ambalo tulilizungumza matangani, nalirudia ili tusielewane vibaya baadaye. Byron asiambiwe. Unakumbuka rufaa yake ilipokataliwa alivyoupiga mlango wa seli mpaka mkono ukavunjika, wakamwongezea miezi. Hiyo ilikuwa karatasi tu ya mahakama. Hili la mama yake, akiwa amefungiwa, hawezi kulibeba. Tukimwambia, atafanya jambo na Oktoba yake itapotea, au tutampoteza yeye. Atoke kwanza. Nitamwambia mimi mwenyewe, hapa nyumbani, mimi niliyebaki mahali pa baba yenu.

Najua kwamba yeye ndiye mwana wa kwanza na udongo wa kwanza kaburini ulikuwa wake. Niliurusha mimi. Wewe mwandikie kama kawaida. Mambo ya shule, mambo ya hiyo mashine yenu.

Tunakuombea kila jioni.

Baba yako mdogo,
Dalmas


Gerezani,
25 Mei 2025

Nyamera,

Mbona kimya? Nimepata nafasi ya simu, nikakupigia, haipokelewi. Nikapiga ya Mama, imezimwa. Siyo kawaida yake, yeye simu huichaji hata ikiwa imejaa. Nikadhani mmekasirika kwa ajili ya bodi yenu.

Nimekosea, nakubali. Nimeifikiria hiyo Kamongo mpaka Nekoye amenikataza kuitaja wakati wa kula. Halafu juzi nikiwa karakana, nakwangua ubao, nikakumbuka saa ya mwendo ya pikipiki. Ile saa haikazwi kwenye chuma. Inakaa juu ya vipira. Betri pia, chini yake kuna raba. Nimefungua vitu hivyo miaka yote, nikitupa raba zilizochoka na kuweka mpya, na sikuwahi kujiuliza ziko pale kwa nini.

Boxi lenu ni gumu na bodi imeshikana nalo, kwa hiyo pigo lililopiga boxi limeingia lote kwenye bodi. Hapakuwa na kitu cha kulipunguza njiani. Fanyeni hivi. Bodi isiguse ukuta wowote. Ipumzisheni juu ya sponji, sponji juu yake, sponji kila upande, na muiachie nafasi ya kucheza. Betri ndiyo nzito, kwa hiyo ipeni chumba chake peke yake isije ikairukia bodi. Nyaya ziwe ndefu kidogo, zilegee, zisichomoke bodi ikisogea. Tafuteni sponji nzuri. Zile za mito ya viti zinalala haraka.

Nimemwota Mama. Alikuwa amesimama majini mpaka magotini, anaosha sufuria, haniangalii. Ndoto za gerezani hizi, watu wengi hapa huota mama zao. Lakini mwambie awashe simu.

Kaka yako,
Byron


Kisumu,
8 Juni 2025

Owadwa Byron,

Usikasirike. Simu yangu iliingia maji. Ya Mama iliibiwa sokoni na bado hajapata nyingine. Yuko salama. Anakusalimu. Anasema kula vizuri.

Tumefanya ulivyosema. Ignatius amekata raba kutoka tyubu za baiskeli na betri sasa ina chumba chake. Kwa upande wa bodi, sponji za kwanza zilikuwa takataka. Tulizibonyeza usiku mmoja tu chini ya jiwe, asubuhi zimekuwa chapati. Kisha nikapata hii nyingine, Kibuye, kwa mama mmoja anayeuza mabaki. Ni nzito na inarudi ukiibonyeza. Nimekutumia kipande ndani ya bahasha uifinye kwa kidole chako mwenyewe, maana mimi siamini tena macho yangu. Niambie kama inafaa, na kama niibane sana au kidogo.

Siku hizi nachoka mapema. Ni masomo tu. Ignatius anasema nimekuwa mkali, nilimpigia kelele kwa sababu alikuwa anakata sponji ovyo. Nikamnyang'anya kisu nikaikata yote mwenyewe, polepole. Sijui kwa nini nakuandikia haya.

Mama anasema Oktoba si mbali.

Lornah


Gerezani,
29 Juni 2025

Nyamera mpenzi,

Kipande kimefika. Afande alikifinya, akakinusa, akadhani kuna bangi ndani. Akanipa.

Ni sponji nzuri. Hutapata nyingine kama hiyo, kwa hiyo usiipoteze hata kidogo. Usiibane sana. Sponji ikibanwa tangu mwanzo, siku ya pigo haina tena mahali pa kwenda, inakuwa kama ubao. Iache iwe na pumzi. Bodi ikae ndani yake kama yai kwenye majani.

Salamu za Mama nimezipokea.

Wewe kula. Lala. Usijali kuniandikia barua ndefu, andika tu ukiweza. Na usimpigie kelele Ignatius, anaonekana ni kijana mzuri. Kama kuna siku utajisikia vibaya katikati ya kazi, acha kazi, toka nje, tembea mpaka ziwani, kisha rudi. Roboti itakungoja.

Niko sawa. Nataka ulijue hilo vizuri: niko sawa, natengeneza meza ya kanisa, sijagombana na mtu.

Kaka yako,
Byron


Kisumu,
6 Julai 2025

Baba Dalmas,

Shikamoo. Nisamehe kwa kutopokea simu, nikisikia sauti ya mtu wa nyumbani nashindwa kuongea.

Naomba ruhusa yako nimwambie Byron. Barua zake zote ziliishia na Mama. Hii ya mwisho hakuuliza lolote. Ameandika tu kwamba amepokea salamu, kwa ufupi, kama mtu aliyeudhika. Nadhani amemkasirikia Mama kwa kuwa simu imezimwa na hamwandikii. Baba, siwezi kukubali. Anamkasirikia mtu aliyelala kaburini, na mimi ndiye ninayemletea salamu za uongo.

Najua unamwogopea. Hata mimi namwogopea. Lakini kila barua ninayoituma najiona nazidi kumwibia.

Binti yako,
Lornah


Kisumu,
3 Agosti 2025

Owadwa Byron,

Nianze na Kamongo, kwa sababu nisipoanza hapo sitaanza kabisa.

Tulishinda pambano la kwanza kwa bahati, wenzetu magurudumu yaliwakwama. La pili ndilo la Eldoret. Kile kisahani chao kinalia kabla hakijakugusa. Kilitupiga ubavuni, Kamongo ikaruka ikagonga ukuta wa kizimba kwa mgongo. Gurudumu moja likaenda zake. Wakatupiga tena. Bati la juu likafunguka kama kopo la maziwa. Ignatius alikuwa ameshaweka rimoti chini. Nikaichukua, nikasukuma, na Kamongo ikasogea. Byron, ilisogea! Kwa gurudumu moja, inazunguka pale pale, imechakaa, imefunguka, na taa yake ya kijani inawaka. Iliendelea kuzunguka mpaka kengele ikalia. Waamuzi waliwapa Eldoret na ni haki yao. Lakini haikuzima.

Nilipoifungua mezani, sponji ilikuwa imechanika upande mzima, imeng'oka vipande vipande. Katikati yake bodi haikuwa na hata ufa. Wenzangu walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikaa chini sakafuni nikalia, na Ignatius akawaambia watu watoke.

Byron, Mama hayupo. Alituacha tarehe sita Mei. Ilikuwa presha, asubuhi, pale ufukweni. Tulimzika Asembo, kando ya Baba. Simu haikuibiwa. Salamu zote baada ya Pasaka nilizitunga mimi. Baba Dalmas alisema usubiri mpaka utoke, mwezi uliopita nilipodhani umemkasirikia Mama nikamwomba ruhusa, akakataa, na leo namvunjia heshima kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Aliogopa, na mimi niliogopa. Tulikumbuka ule mlango na mkono wako.

Ile sponji sikuinunua Kibuye. Nililetewa godoro lake na sikuweza kulilalia. Lilisimama ukutani chumbani kwangu, nikigusa tu nailoni inalia, natazama nyuma nikidhani ni yeye. Siku moja nikachukua kisu. Sikuwa nimepanga. Nilitaka lilinde kitu.

Siku ya mazishi Baba Dalmas alirusha udongo wa kwanza. Zamu yangu ilipofika nilirusha mara mbili. Mara ya pili nilitumia mkono wa kushoto, kwa sababu wewe ni wa mashoto. Shangazi alinikazia macho. Sikumweleza.

Tafadhali usiupige mlango. Nakuomba kwa jina la Mama. Ukitaka kumpiga mtu, ningoje mimi.

Lornah


Gerezani,
17 Agosti 2025

Nyamera Lornah,

Sijaupiga mlango. Weka moyo wako chini kwanza, halafu endelea kusoma.

Nilijua tangu Juni. Kile kipande ulichonitumia kilikuwa na uzi mwekundu wa pindo la godoro lile nililomnunulia Mama, na kando ya uzi kulikuwa na nailoni, ndogo kama ukucha. Afande hakuiona. Niliivuta puani, ikanuka moshi wa samaki na yale mafuta anayojichua mgongoni. Nikakumbuka ulivyoniandikia Pasaka, kwamba hakuna mtu atakayeigusa ile nailoni mpaka mimi nirudi. Mama hawezi kukuachia ukate godoro lile. Sasa hivi Mama analala wapi? Nilijiuliza hivyo nikiwa nimesimama foleni ya uji, na bakuli likaniponyoka.

Nekoye alinishika. Alinipeleka bafuni akasimama mlangoni, akawa anawaambia watu kwamba naumwa tumbo. Nililia humo mpaka filimbi. Siku zilizofuata nilikwangua ubao wa ile meza ya kanisa, nikaukwangua mpaka mwalimu wa karakana akasema nitautoboa. Usiku nilikuwa nasubiri nione kama nitafanya mambo yangu ya zamani. Sikufanya. Nilikuwa nimechoka tu na kumtaka mama yangu.

Nimekasirika, Lornah. Sitakudanganya, uongo umetutosha. Mmemzika mama yangu bila mimi, na mlikaa mkaamua kwamba siwezi. Mimi si bodi ya roboti. Mngeniambia, ningelia, na ningekuwa nimelia pamoja nanyi siku ile ile, hata kama ni kwa mbali. Hiyo siku hamtaweza kunirudishia. Baba Dalmas nitamheshimu, ni baba yangu, lakini haya nitamwambia usoni, na atanisikiliza.

Lakini wewe utaniuliza, mbona nilijua nikanyamaza? Nilikuona uko peke yako na kile kisu. Nilisoma ile barua yako mara nyingi, jinsi ulivyompigia kelele Ignatius. Nikasema, huyu akijua kwamba najua, atabwaga kila kitu akiwa bado hajafika Agosti. Acha amalize. Ndiyo maana nilikuandikia kwamba nimepokea salamu. Ni maneno magumu kuliko yote niliyowahi kuandika. Kumbe nawe ukadhani nimemkasirikia Mama. Mimi? Mama? Tumefanyiana ujinga mmoja, wewe kule na mimi huku, na kila mmoja akalia peke yake.

Asante kwa mkono wa kushoto. Niliposoma hapo ilibidi niweke barua chini.

Na asante kwa Kamongo. Nimewaelezea wote hapa jinsi ilivyozunguka kwa gurudumu moja. Nekoye alipiga makofi. Sikuwaambia sponji ilitoka wapi, hilo ni letu.

Tarehe imetoka, ni tarehe kumi na nne Oktoba. Usije kunipokea na watu wengi. Njoo peke yako, twende Asembo moja kwa moja, na ufungue nyumba ya Mama kabla sijafika mlangoni ili nisiione imefungwa.

Godoro lililobaki, hata kama ni nusu, usilikate tena. Lipeleke huko ulirudishe kitandani pake. Nailoni iliyobaki usiiguse. Usiku wa kwanza nitalala juu yake hivyo hivyo, niisikie ikilia. Asubuhi nitaitoa mimi mwenyewe, kama alivyosema.

Kaka yako,
Byron